Walichoniuliza Juu ya Roswitha

Lindenweg 14,
Unterhalden.
9 Novemba 1983.

Mpendwa dada Waltraud,

Hujambo, dada yangu? Shemeji Detlef na nyonga yake wanaendeleaje? Naomba barua hii iwakute wazima huko Winnipeg. Mimi napumua, na kuhusu afya yangu sina zaidi ya hilo la kukuambia.

Telegramu ya Septemba ilikwambia tu kwamba Silke wetu ameuawa. Mengine yalinishinda. Miaka tisa, dada! Ijumaa jioni alitoka kwenye somo la kinanda, hakufika nyumbani. Jumapili wakamkuta kwenye kibanda cha makaa nyuma ya jengo letu, amenyongwa. Mpaka leo naona kama naandika habari za mtoto wa mtu mwingine.

Sasa sikia la pili. Jumamosi ile, tukiwa bado tunamtafuta, kibao cha zamu ya usafi kilikuwa kinaning'inia mlangoni petu. Unatujua watu wa huku: hata mbingu ianguke, ngazi zidekiwe kwanza. Bibi Häberle wa chini akagonga asubuhi: "Poleni, jirani, lakini wiki hii zamu ni yenu." Roswitha, mke wangu masikini, hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Akachukua ndoo, akadeki kutoka juu hadi mlango wa uani, machozi yakimtiririka. Bibi Häberle aliwasimulia polisi habari ya ndoo vizuri sana. Ya kugonga mlango akaisahau. Mwanamke yule!

Wakatuhoji kila mtu peke yake, karibu mwezi mzima. Inspekta alinimiminia kahawa, akaniuliza kwa upole, "Bwana Kienzle, mkeo alikuwa anafuta nini?"

Nikamfokea, "Vumbi! Kwani mama yako hafuti?"

Nilijiona mwanamume. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nikaanza kumtazama Roswitha mikono tukiwa mezani. Siku moja, tunakunywa supu, likanitoka. Dada, nilimuuliza mke wangu alikuwa anafuta nini! Mimi, baba yake Silke. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliweka kijiko chini, akafungasha nguo zake, akaenda kwa mama yake.

Juzi wamemkamata mwuaji, mtu aliyekuwa akituletea makaa. Amekiri yote. Inspekta alikuja mwenyewe kuomba radhi, kofia mkononi. Nikakimbilia kwa mama mkwe bila hata koti. Roswitha alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama pale mlangoni.

"Polisi nimewasamehe, Eckart," akasema. "Wao walikuwa hawanijui."

Akafunga mlango taratibu.

Mwandikie wewe, dada. Usinitetee, mwandikie tu, asione kwamba ukoo mzima wa Kienzle ulimshuku.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, Imke na mdogo wake Volker. Mungu awafikishe nyumbani kila jioni. Salamu za Roswitha sina za kukupa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Eckart