Usambara na Upare Jiwe Moja

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Huku Pongwe tu wazima, ila bibi yako na magoti yake. Na wewe unanichosha: eti wataalamu huigawaje milima?

Miaka ya hamsini nilimbebea Mzungu mmoja mawe hadi mgongo ukalia. Akasema Usambara na Upare ni ukoo mmoja, jiwe lake moja; Kilimanjaro, ingawa jirani, ni mgeni aliyetapikwa na moto juzijuzi.

Nami Mshambaa nilikuwa naposa Upare, baba mtu hataki: "Milima yetu mbalimbali."

Nikamwekea mawe mawili, la kwao na la kwetu. Tofauti hakuiona.

"Basi ni ndugu. Ndugu waoane?"

"Mzee, watoto wa ami si huoana!"

Akacheka, mkaidi yule. Magoti ninayoyakanda leo ni ya binti yake. Ananiita tena, lo!

Babu yako