Gari Lako Halikuwa Linakulilia, Baba

Baba,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama ninayelala naye chumba kimoja. Ni mimi niliyefungua injini ya pikapu yako. Niliifungua peke yangu, Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, na Bibi alikuwa ameshatukataza sisi watoto kugusa kitu chako chochote mpaka arobaini ipite. Sasa watu wanasema gari limepona lenyewe. Halikupona lenyewe, Baba.

Nianze na siku za matanga. Pikapu ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba, Baba Mdogo akiitumia kubebea maji na kuni za msiba. Wageni walikuwa wengi mpaka mikeka ikafika karibu na magurudumu. Basi ule mpira mweusi unaoshuka kutoka kwenye briza ukaanza kudondosha oili juu ya mkeka wa wazee waliotoka Nambambo. Wewe ungejua mara moja. Kile kikopo cha briza, kinachochuja mvuke wa oili, kilikuwa kimejaa uchafu, na oili badala ya kurudi tumboni mwa injini ikawa inatokea nje. Baba Mdogo yeye aliona aibu tu. Aliokota gunzi la mahindi, akaligongomea kwenye mdomo wa mpira, akajifuta mikono. "Basi, limenyamaza."

Hapo ndipo lilipoanza kuvuja kweli. Oili ikatokea kwenye sili za mbele, ikatokea nyuma, ikairusha na ile stiki ya kupimia. Moshi usiseme. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema gari linamlilia mwenyewe, na kuanzia siku ile kila anayepita anasimama kulitazama kama mgonjwa. Fundi aliyeitwa hakuinama hata kidogo. Alisikiliza injini, akatema mate. "Piston hizi kwisha habari yake. Uzeni kabla halijawafia."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nilijua. Nilijua, Baba, na mdomo haukufunguka.

Unakumbuka siku ile tukitoka Ruangwa, gari likatukwamia karibu na Ruponda? Abiria wa nyuma wakaanza kukutania, "Dereva, mpe gari lako kitambaa, lina mafua!" Ukacheka nao. Kisha ukaniita, "Mama, njoo ushike spana," maana hukuniita Somoe hata siku moja, nilikuwa mama yako kwa sababu nina jina la mama yako. Ukafungua kifuniko cha kutilia oili, ukaniwekea kiganja juu yake, nikasikia hewa ya moto ikisukuma. Ukasema, "Injini inapumua kama mtu. Ukiiziba pua, itapumulia masikio." Shuleni tulisomeshwa kwa Kiingereza kwamba hewa ikipata joto hutanuka, niliandika nikapewa vema. Lakini kuelewa nilielewa pale barabarani, mkono wangu ukiwa na vumbi na grisi.

Sasa hapa nyumbani tumefungiwa, Baba. Mama yuko ndani ya eda. Hatoki, hasemi na wanaume wa nje, na Baba Mdogo ni shemeji yake, kwa hiyo hata naye hawazungumzi. Maneno yote yanapitia kwangu, mimi ambaye mwalimu akiniita jina natazama dawati. Mama akanituma, "Mwambie baba yako mdogo naomba gari lisiuzwe, Hamisi wa dada yangu ataliendesha, tutakula." Nikaenda. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwambie mama yako, gari gonjwa halilei yatima." Nikarudi ndani nikamwambia Mama. Akageukia ukuta. Dirisha lenyewe limefungwa kwa sababu ya wapita njia, na joto la huku unalijua.

Ndiyo maana Ijumaa nikatoka. Nilichomoa lile gunzi likatoka na mlio, fyuu, nikaogopa nikakaa chini. Nikalitupa chooni. Kikopo nilikifungua kwa spana yako namba kumi na tatu. Nati moja ilinishinda, nikaikanyaga spana kwa mguu. Ndani, Baba, wavu haukuonekana kabisa, palikuwa na tope jeusi zito, na juu yake utando wa rangi ya uji uliolala. Nikamimina mafuta ya taa kwenye beseni la kufulia, nikausugua kwa mswaki wangu, nikayamwaga, nikamimina mengine, mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikaanika juani. Kisha nikafanya ulivyokuwa ukifanya, nikaweka mdomo kwenye mpira nikapuliza. Hewa ikapita. Nililia hapo, nikiwa na oili midomoni.

Niliponyoosha mkono kumpa Mama uji, akanishika kiganja, akakinusa. Akakinusa tena. "Unanuka baba yako," akasema. Uji ulipoa.

Jumapili Baba Mdogo akawasha gari alisogeze kivulini. Watu wakasubiri oili idondoke. Wapi! Moshi ukapungua mpaka ukaisha. Bibi akasema ni ile dua iliyosomwa Alhamisi, na ule mpira hakuna aliyeukumbuka. Nikadhani tumeokoka, Baba. Kumbe nimeharakisha kuuzwa kwake. Baba Mdogo amesema kama hatujui lilipatwa na nini, basi hatujui litarudiwa lini, heri liuzwe likiwa zima. Mnunuzi kutoka Ruangwa anakuja kesho asubuhi. Yaani nimelitengeneza ili liondoke.

Nikisema, nitakuwa nimegusa mali ya marehemu, tena mtoto wa kike, tena nimemwonyesha Baba Mdogo kwamba aliyeliua gari ni yeye. Ni mtu mwema. Ndiye aliyekuteremsha kaburini, nilimwona viatuni ana udongo. Nisiposema, kesho tutasikia mlio wa injini yako ukienda na barabara ya Ruangwa, na Mama hataruhusiwa hata kutoka kuutazama.

Nasikia katambuga za Baba Mdogo, vile viatu vyake vya matairi, ukumbini. Anakuja kuchukua kadi ya gari, imo ndani ya sanduku hili ninaloandikia. Siku zote nikisikia hatua, karatasi huingia chini ya mkeka. Leo naiacha hapa hapa, juu, kalamu ikiwa mkononi. Mama amejitanda kanga mpaka usoni, lakini ameweka mkono mgongoni kwangu. Kumbe hakulala.

Baba, nakuahidi nitamwambia kwa mdomo wangu. Sitamwaibisha mbele ya Bibi. Nitamwomba twende wawili garini, nimwekee kiganja chake pale ulipokiweka changu. Sauti ikinikatalia nitafungua boneti na kumwonyesha kwa mikono. Akichukia, achukie, nitakuwa nimesema.

Pumzika sasa. Mungu akupanulie kaburi lako, likupe nafasi na hewa.

Amepiga hodi.

Nimesema karibu, Baba, na amenisikia mara ya kwanza.

Mama yako,
Somoe