Lita Sita na Nusu

Alhamisi, ndani ya gari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pamoja nazo upokee samahani ya kimya cha miezi minne. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba shemeji sasa anavutia sigara zake nje kama ulivyomwamuru. Watoto hawajambo? Yule mdogo bado anakataa viatu vya kamba? Sisi huku tu wazima. Baba ni mzima kupita kiasi, utaona mwenyewe. Mimi pia ni mzima, kwa maana ya kwamba sina homa. Kwa mengine, tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako. Usimsomee shemeji kwa sauti ulivyozoea, maana najua atacheka mahali pasipo pa kucheka.

Habari ya kwanza ni njema. Mwezi wa pili nilipandishwa cheo. Unakumbuka kazi yangu ya Ofisi ya Vipimo, ile uliyoiita kazi ya kuwasumbua wauza nyanya na mizani zao. Siku hizi nakagua zaidi pampu za vituo vya mafuta: natia mafuta kwenye kipimo chetu cha lita ishirini, nasoma alama shingoni mwake, na pampu inayodanganya naifunga kwa lakiri. Sasa wamenipa tawi dogo, lenye wakaguzi wawili na mimi mkuu wao, kwenye mji ulio kilomita sitini na nane kutoka nyumbani. Barua ya uhamisho niliisomea chooni ili mtu asinione uso. Nilichokifikiria kwanza hakikuwa cheo, dada. Kilikuwa chumba. Chumba chenye kitanda kimoja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ninao mimi.

Baba alifurahi sana. Aliwapigia simu ndugu wote, hata wale tusioelewana nao, kisha akaketi na kusema kwa upole kwamba nitakuwa nakwenda na kurudi kila siku. Nikasema ni mbali. Akasema mbali ni neno la mtu asiye na gari. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye huyo mtu. Akasema basi tutalitafuta, dogo, la zamani, lisilokunywa sana, kwani yeye miaka thelathini alikuwa anafungua injini za malori kwa nini? Halafu akaongeza kwamba nyumba hii imekwisha kutoa mtu mmoja kwa mlango na mwingine kwa jeneza, na inatosha. Mama Mungu amrehemu. Wa mlangoni unamjua. Nisamehe kuliandika, lakini ndivyo alivyosema, na hakusema kwa hasira. Alisema huku akinimenyea chungwa.

Utaniuliza kwa nini mtu wa miaka ishirini na saba asifungashe nguo zake aende. Nimejiuliza mara nyingi kuliko wewe. Wewe ulikuwa na bahati ya kugombana naye. Tangu mama afariki baba hagombani. Ananipigia pasi mashati ya kazini. Nikichelewa dakika kumi namkuta getini, ananipokea mkoba tu. Ukimjibu vibaya mtu anayekupokea mkoba, unabaki kuwa nani?

Kwa hiyo tukapatana. Likipatikana gari linalofika walau kilomita kumi na tano kwa lita moja, nitalala nyumbani kila siku. Likikosekana hadi mwisho wa mwezi wa nne, atakubali nipange chumba kule, niwe narudi Ijumaa. Chini ya kumi na tano, alisema, hilo ni gari la mawaziri. Aliyaandika masharti nyuma ya kalenda, tukapeana mikono tukicheka, na mimi nikaanza kupanda basi la alfajiri huku nikihesabu majuma.

Dalali wetu alikuwa yule wa karibu na stendi ambaye watu wanamwita Kama Mpya, kwa sababu hajawahi kuuza kitu kisicho kama kipya. Gari la kwanza alilotuonyesha lilikuwa jeupe, na mita yake ilisoma kilomita elfu arobaini. Alituapia kwamba lilikuwa la mwalimu mmoja aliyekuwa analitoa Jumapili tu. Baba akainama, akatazama pedali ya breki iliyokwisha hadi chuma kikaonekana, akamuuliza huyo mwalimu alikuwa anaikanyaga breki hata akiwa amelala? Kama Mpya akacheka kuliko sisi, akasema mzee, wewe si mnunuzi, wewe ni polisi. La pili lilikuwa la kijani, lina viti vizuri. Baba alishika leso mbele ya ekzosi, akaniambia nipige resi. Leso ikatoka na madoa meusi ya oili. Akasema hili linakunywa chai na supu kwa wakati mmoja, akalifunga boneti taratibu kama anayefunga macho ya marehemu. Njiani kurudi alikuwa amenyong'onyea. Mimi moyoni nilikuwa naimba.

La tatu hatukuonyeshwa na dalali, ingawa alijibandika baadaye. Mkunga mmoja mstaafu, mama wa makamo ya mwisho, mpole, alikuwa anauza gari lake kwa sababu macho yake yamefifia na anahamia kwa mwanawe. Dada, lilikuwa gari zuri. Dogo, la bluu iliyofifia, la miaka kumi na tisa, injini ya lita moja, gia za mkono. Kwenye buti kulikuwa bado na boksi la glovu na taulo tatu zilizokunjwa. Alituambia ameliendesha miaka kumi na moja kufuata akina mama wenye uchungu na halijapata kumwachia mtu ajifungulie njiani. Baba alilizunguka mara tatu. Alilala chini, akagonga, akanusa oili, akavuta mikanda. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mjukuu. Akasema limebaki jambo moja, nalo ni la bingwa wetu wa vipimo.

Mkunga akatuachia gari siku nzima bila kuuliza. Jumamosi nililijaza mafuta hadi mdomoni, nikaenda peke yangu hadi ofisini kwangu na kurudi, kilomita mia moja thelathini na sita, kisha nikalijaza tena hadi palepale kwa kipimo cha kazini, kile kidogo cha alama za ubavuni, chenye muhuri. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba limekunywa lita kumi na moja. Alipiga hesabu nyuma ya kalenda: kilomita kumi na mbili na kitu. Akapiga tena. Akaniuliza kama nilikuwa nakimbiza. Nikasema hapana. Hakuuliza la pili. Kwangu mimi baba hakagui vipimo.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini baba ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulionifunga. Alipolirudisha gari aliona si haki kumnyamazia yule mama, akamweleza kwamba gari lake linakula mafuta kupita umri wake, na kwamba aliyelipima ni mkaguzi wa serikali. Kama Mpya alikuwa amesimama palepale. Kufikia Jumatatu mji mzima wa wanunuzi ulikuwa unajua, na mnunuzi mmoja aliyekuwa amekwisha ahidi kulinunua akajitoa. Majuma matatu baadaye, zikiwa zimebaki siku tisa mwezi uishe, nilikuta ufunguo umewekwa kando ya kikombe changu cha chai. Yule mkunga alikuwa ameshusha bei karibu theluthi, apate tu kuondoka. Baba akanieleza kwa furaha kwamba kwa punguzo lile, hata likinywa kama ng'ombe, tumepona miaka miwili. Masharti ya kumi na tano, akasema, yalikuwa ya bei ya zamani.

Mwezi na nusu sasa naliendesha. Asubuhi sitini na nane, jioni sitini na nane. Baba amehesabu: dakika sabini, themanini kukiwa na malori. Natoka kazini saa kumi na moja; saa kumi na mbili na robo simu inalia. Nimejua kila kona ya barabara hii, kila shimo, na hakuna mahali kwenye barabara yote ninapoweza kusema ni pangu. Ofisini mimi ni mkuu anayetazama saa. Wakaguzi wangu wawili wamekwisha jua, hawaniletei jambo baada ya saa kumi. Mmoja ana shangazi mwenye chumba cha kupangisha nyuma ya ofisi. Nilikwenda kukitazama wakati wa chakula cha mchana. Kina dirisha moja na sinki. Nilikaa sakafuni dakika ishirini, nikamrudishia ufunguo.

Na hapa ndipo pa kukwambia, dada. Gari lile halikunywa lita kumi na moja. Lilikunywa lita sita na nusu. Nilisoma alama za kipimo mara mbili, mafuta yakiwa yametulia, jicho likiwa sawa na mstari kama tulivyofundishwa. Sita na nusu. Karibu kilomita ishirini na moja kwa lita. Hata magari mapya yanaomba kufika hapo. Nilisimama pale kituoni nikaiona miaka yangu yote ikienda na kurudi kwa lita sita na nusu kwa siku, na mdomo wangu ukatamka kumi na moja kabla sijafika nyumbani. Nilijizoeza ndani ya gari. Nilisema kwa sauti mpaka ikasikika kama kweli. Mimi ambaye nimewafungia watu biashara kwa nusu lita.

Baba alipoona gari halinywi, unajua alifikiri nini? Alifikiri amelitibu. Alikuwa amebadilisha plagi na kusafisha chujio la hewa, basi akawatangazia majirani ameshusha mafuta karibu nusu. Wakaanza kumletea magari yao. Wanamwita Daktari. Alitoa vifaa vyake vya zamani stoo, akavipaka mafuta, anaamka anapiga mluzi. Tangu mama aondoke sijamsikia akipiga mluzi. Ningenyamaza mpaka kufa.

Ila mkunga alinipigia simu. Alitaka kuniambia ufunguo wa akiba uko kwenye mfuko wa kiti. Kisha akaniuliza, kwa aibu, kama kweli gari linakunywa vile, kwa sababu yeye alikuwa anajaza mara moja kwa wiki na linamtosha, lakini huenda anachanganya. Mwanawe anasema siku hizi anasahau sana, na yeye, baada ya kile kipimo changu, ameanza kumwamini mwanawe. Dada, alikuwa ananiomba radhi. Niliegesha kando ya barabara. Nilimwambia mtandao mbaya.

Jumapili mchana nikamfuata baba uani, akiwa ameinama kwenye injini ya gari la jirani. Nikamwambia yote. Sikupunguza. Nikasema kipimo nilidanganya, mama wa watu nimemdhulumu, na nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kulala kule, mbali na hapa, kwenye chumba changu. Maneno hayo ya mwisho niliyasema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza yalitoka madogo.

Alifuta spana. Akauliza ilikuwa ngapi hasa. Nikasema sita na nusu. Akauliza, basi si mimi niliyelitibu? Nikasema si wewe, baba. Akatikisa kichwa, akaiweka spana ndani ya boksi, akazipanga zote kwa ukubwa. Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Akasema kesho atampelekea mama yule tofauti yake na kumwambia kumbukumbu zake ni nzima, na yule mnunuzi aliyejitoa naye ataombwa radhi. Halafu akanitazama, uso wake ukafunguka, akasema kumbe basi ni zuri tangu mwanzo, kumbe limefika kumi na tano na kupita, utakuwa unarudi nyumbani bila wasiwasi. Akaingia ndani kunitengea chakula.

Sijui kama hakusikia au alisikia. Jumatatu alikwenda kwa mkunga kama alivyosema, akarudi, akaliosha gari. Hakunikaripia. Hajamwambia mtu. Sasa kila jioni nikifika ananipokea mkoba na kuniuliza leo limekunywa ngapi, na mimi namwambia kweli, kila siku kweli, na kila nikisema kweli anafurahi.

Sikuandikii uniombee kwake, na usimpigie simu, nakuomba. Wala sikuulizi kama nilikosea, nilikosea. Nakuuliza jambo ambalo miaka tisa nimeogopa kukuuliza. Ile asubuhi yako, ulitokaje? Sitaki ulivyojisikia. Nataka kujua ilikuwa saa ngapi, ulishika nini mkononi, baba alikuwa amesimama wapi, na ulipompita ulitazama upande gani. Niandikie kwa anwani ya ofisi.

Wabusu watoto, na mdogo mwambie viatu vya kamba hata mimi sivipendi. Mgongo wako uuegemeze, usibebe ndoo. Shemeji msalimie, nimemsengenya kidogo humu lakini nampenda. Baba angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Nimemkuta mara mbili akiitazama picha yako ile ya kitambulisho.

Ni saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Yeye amekwisha anza kuhesabu. Nawasha gari.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba