Kalenda juu ya diploma

Jumanne

Ni mimi niliyeficha jetoni ya Koko, kile kikaratasi cha zamu yake ya operesheni kesho. Sijamwambia mtu.

Koko, nyanya yangu, amebakiwa na jicho moja tu. Leo kwenye kliniki ya yule daktari wa macho, huku barabara ya Lumumba, niliona kalenda imefunika diploma yake hapo panapoandikwa alichosomea. Nikamwuliza kwa sauti ndogo alisomea wapi macho.

Akacheka. "Mademoazeli, unataka kunipa egzamen?"

Kalenda hakuigusa.

Jioni Koko alipapasa chini ya godoro. "Mutoto, jetoni yangu iko wapi?" Nikasema sijui. Labda ni daktari kweli, na mimi ndiye ninayemnyima kuona.

Daftari, usinitaje. Jetoni iko katikati ya kurasa zako.