Kwa Baba Nderitu, Fundi wa Mlango wa Siri

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu ile asubuhi ya Agosti 1957 ulipotuacha. Nyundo yako ingali pale ulipoiweka, kwa sababu Mama hataki mtu aiguse.

Ulikuwa mpole kwa kila kiumbe, ila kwa ukuta uliopinda. Ukialikwa chai kwa watu, macho yako yalikuwa kwenye pembe za nyumba. Hapa Kabazi hakuna mjane ambaye hukumjengea jiko bure, na ulichokipima umekipima, hakuna wa kukibadilisha.

Sasa kwa kuwa Bwana Mnara, Mzungu aliyekuajiri, amerudi kwao Ulaya, tunaweza kusimulia. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa kuwa alitaka nyumba ya mawe yenye minara, mfano wa ngome za kale za kwao. Na ngome, alikwambia, lazima iwe na mlango wa siri kwa nyuma, ili adui akizingira mbele mwenyewe atoroke. Uwe mwembamba: "Pita mimi tu!" Ukampima tumbo kwa uzi wa kujengea, ukafunga fundo. Naye akakuapisha usimwambie mtu.

Ujenzi ulichukua miaka miwili, na miaka hiyo yote Bwana hakukosa mlo. Tumbo lilikua. Uzi wako haukuongezeka hata ukucha.

Ikafika 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Mkikuyu aliyefutwa kazi alipakiwa kwenye lori na watoto wake akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu na serikali, na sisi huko hatukuwa hata na mahali pa kupanda mgomba. Siku hizohizo Bwana akaalika wageni awaonyeshe atakavyotoroka. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likakataa katakata.

"Nderitu! Mimi nashikwa!"

Wageni walikuwa ndani, upande wa miguu, wakivunjika mbavu. Nje, Mama na jirani yetu Chepkurui walifika mbio na kibuyu cha samli, moja kwa moja hadi mlangoni, bila kuuliza njia. Wakampaka, wakamvuta, akatoka kama ndama, nasi watoto tuliowafuata tukacheka.

Alipopata pumzi akakugeukia, uso mwekundu. "Nani naambia hawa mlango yangu? Kesho wewe kwenda!"

Mama alituvuta karibu naye. Hatukuwa na kicheko tena.

"Sikumwambia mtu, Bwana," ulimjibu kwa upole. "Hawa ndio waliobeba maji ya kukoroga simiti, debe kwa debe. Na kama hawangejua mlango, leo nani angekutoa?"

Wageni walicheka upya. Bwana akajitazama alivyometameta kwa samli, kisha akasema polepole, "Fanya mlango kubwa."

Ilikuwa kazi ya siku nne. Ulikaa nayo miezi kumi na mmoja. Jiwe uliloliweka Jumatatu ulilitoa Jumanne ukisema limepinda, wewe ambaye maishani mwako hukuwahi kuweka jiwe likapinda. Tulijua, Baba. Malori yalipita, na hakuna hata moja lililosimama kwetu.

Tunaokukumbuka ni mkeo Wariara, wanao Nyakio, Gachanja na Mathenge, na jirani zako Chepkurui na mumewe Kiprugut. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.