Yaacheni Maziwa Yangu Yamwagike

Mama watoto, na wewe binti yangu,

Nimekwenda kliniki peke yangu, msinifuate. Wingu likitanda, anueni nguo. Ufunguo wa stoo ~~ninao mimi~~ uko juu ya friji.

Asubuhi nilikuwa nachemsha maziwa. Ndilo zoezi nililopewa na dada wa tibakazi, yule anayenifundisha upya kazi za nyumbani tangu nilipoumia kichwa. Maziwa yakaanza kupanda, nikakumbuka jiko, mkono nimeshaunyoosha. Mara wewe, mama watoto, ukachomoka nyuma ya mlango, ukalizima. Dada alishasema mniache nikosee, nijirekebishe mwenyewe. Kukosea ndiyo dawa yangu, nanyi mnaninyang'anya.

Sasa, kwa kuwa mnalipenda sana zoezi langu, nimewaachia na lenu. Zile karatasi za majina mlizonibandikia kwenye makopo ya jikoni, nimezihamisha zote. Chumvi inaitwa majani ya chai, mengine mtajionea. Kuonja ruhusa, kunipigia simu hapana.

Nikirudi nikute chai tamu mezani. Sukari iko kopo gani, mimi nakumbuka.

Baba