Jumatano Niliyokunyima Mtoto

Limi, mdogo wangu,

Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa hivyo hivyo, kwa hiyo usitegemee maneno laini. Pamba imepasuka, watu wote wako shambani, nyumba iko kimya na Jilala wangu amelala. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari lako la Baiolojia la kidato cha nne. Mama alitaka kuwashia moto, nikamnyang'anya.

Mazishini walisema umekufa kwa malaria. Baba alisema malaria, baba mdogo akasema malaria, mchungaji akasema Mungu amekupenda zaidi. Mungu asisingiziwe! Nilikuwa kando ya kitanda chako kule hospitali Bariadi, zile kanga nilizifua kwa mikono yangu, na najua malaria haimwagi damu namna ile. Hakuna aliyetaja mimba. Hakuna aliyetaja dawa ya mizizi uliyokwenda kuinywa kwa siri. Na yule kijana wa mizani ya pamba, aliyekuwa akikununulia soda kila siku ya mnada, hata kutupa udongo kaburini hakuja. Nasikia yuko Mwanza. Akae huko huko.

Na mimi nilinyamaza pale makaburini kama wengine. Ngoja basi niseme langu.

Ulikuja kwangu Novemba, tukiwa tunapanda pamba. Asubuhi mapema, umejifunga kanga kama mwanamke aliyeolewa. "Ng'wangaluka, dada," ukaniamkia, na umepiga magoti kabisa. Wewe, ambaye kila siku uliingia kwangu na kufunua sufuria kabla ya salamu! Nikajua kuna jambo. Ulitaka nikuazime Jilala kwa asubuhi moja.

Mtu asiye wa huku angecheka. Watu huazima jembe, huazima sufuria, mtoto? Lakini sisi tulijua. Kule zahanati ya kijiji cha jirani, Jumatano ni siku ya kliniki. Nesi akiona msichana amekaa kwenye benchi bila mtoto, anamwuliza mbele ya wote amefuata nini. Akisema kijiti cha kuzuia mimba, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, anaambiwa hicho ni cha waliozaa, kitamfunga kizazi, akaolewe kwanza. Ukiwa na mtoto mgongoni huulizwi kitu. Mtoto anapimwa uzito, wewe unaingia chumba cha ndani, unatoka na bandeji mkononi. Ndiyo maana wasichana wakaanza kuazima watoto wa dada zao na wa wifi zao. Na yote hayo yanafanyika chini ya tangazo la serikali lenye nyota ya kijani, limebandikwa ukutani juu ya kichwa cha nesi: huduma za uzazi wa mpango ni bure. Halikusema bure kwa wenye mtoto mgongoni. Nimelisoma mara tatu.

Ulikuwa umejipanga. Tarehe ya kuzaliwa Jilala ulikuwa nayo kichwani, hata jina la mume wa uongo ulikuwa nalo. Ulisema unasubiri barua ya chuo cha ualimu na hutaki ikukute na tumbo. "Dada, saa nne nimesharudi."

Nikakataa. Nilisema Jilala ana kikohozi. Nilisema mama mkwe atasikia. Nikakufokea kwamba mtoto wangu si kitambulisho cha kuzungusha vijijini. Uongo mtupu, Limi. Ukweli sijamwambia mtu, hata shemeji yako. Nilikuonea wivu. Mimi nilipata mimba nikiwa na miaka kumi na tisa, sijawahi kusikia habari ya kijiti. Nikaozwa haraka haraka, na ushonaji niliokuwa najifunza ukaishia hapo hapo. Nikakutazama umesimama mlangoni na mpango wako, nikawaza, kwa nini huyu yasimpate? Nilikupenda na bado niliwaza hivyo. Jilala alikuwa mzima. Siku ile alikuwa anacheka.

Ukaenda bila mtoto. Ulisema labda ukiongea vizuri atakuelewa. Ulipokuwa unarudi hukuingia kwangu, uliongea ukiwa barabarani. "Ameniambia nirudi nikishazaa," ukasema, ukacheka. Kicheko kile ndicho ninachokisikia nikisonga ugali, nikichota maji, nikisali. Palizi ya Machi haijaisha tukakuzika. Miaka ishirini tu.

Sasa sikiliza la Jumatano iliyopita. Wande, uliyesoma naye, alipiga hodi. Hakunitazama machoni. "Dada Mbuke, naomba uniazime Jilala."

Mayu, mama yangu! Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumkumbatia. Jilala alikuwa anakula uji kwa mama mkwe, nikamwacha huko huko, nikajitanda kanga nikamwambia twende. Akauliza, na mtoto? Nikasema twende.

Tulikaa kwenye benchi lile mikono mitupu. Akina mama wakaanza kukonyezana. Nesi alipouliza mtoto yuko wapi, nikasimama. Nikamwambia mtoto wa nini, tumefuata kijiti cha bure, asome tangazo lake mwenyewe. Sauti yangu unaijua. Ilifika mpaka kwa waliokuwa nje. Nikamwuliza kama anamkumbuka msichana mrefu mwenye mwanya, aliyekuja Novemba akaambiwa arudi akishazaa. Akafikiri. Alifikiri kweli, hakuigiza. Akasema wanakuja wengi.

Hakukumbuki, Limi. Hilo linaniunguza kuliko yote. Maneno yale alikuambia akayasahau kabla hajala chakula cha mchana.

Nikamtajia jina lako. Nikamwambia kilichokuua, mbele ya benchi zima, na kwamba hakikuwa malaria. Ilikuwa mara ya kwanza kusemwa hadharani, na kabla ya jioni habari zilishamfikia baba. Ametuma ujumbe nisikanyage kwake. Nesi hakunitazama. Kisha akafungua daftari, akamwuliza Wande jina na miaka, akampeleka chumba cha ndani.

Unajua walichukua muda gani? Jilala na ukaidi wake hutuchelewesha zaidi kwenye mizani. Wande akatoka na bandeji yake, anatabasamu, na mimi nikaanza kulia kwa hasira pale pale. Kwa muda mfupi vile, sasa hivi ungekuwa unafungasha sanduku la chuo na kunisumbua nikupe kanga zangu nzuri.

Sikuombi unisamehe. Mwenyewe bado sijaweza kujisamehe. Lakini nakuahidi: kila Jumatano, iwe palizi, yawe mavuno, nitakuwa kwenye benchi lile, na msichana atakayekuja kuazima mtoto nitaongozana naye mimi. Wawili wameshatuma ujumbe kupitia Wande. Shemeji yako amenuna. Anune.

Kaburi lako nimelipalilia mwenyewe, kwa sababu kwa baba siendi lakini kwako hakuna wa kunikataza. Lala salama, mdogo wangu. Leo ni Jumanne, na kesho natoka mapema.

Jilala nitamwacha nyumbani.

Dada yako,
Mbuke